Tabaka Alilolala Onesmo

Hosiana alijifunza jiolojia kwenye simu, nyuma ya banda lake la maandazi pale Katoro, moto ukiwa umeshazimwa na bando bado lipo. Mwalimu wa kwenye video alichora udongo mwekundu juu, chini yake mwamba uliooza, halafu mwamba mgumu wa kijani wenye mishipa myeupe ya dhahabu. Hosiana hakuwa na shida na dhahabu. Alitaka kujua mumewe amelala tabaka gani.

Onesmo alifukiwa na kifusi kwenye duara la mzee Januari. Hosiana hakuwahi kuliona shimo hilo, maana wachimbaji wanasema mwanamke akilisogelea, dhahabu hukimbia. Januari alileta msibani ng'ombe mkubwa, hilo hakuna wa kumnyima, akasema ni kazi ya Mungu na mwili hauwezi kufukuliwa kwa kuwa hakuna ajuaye ulipo. Bila kaburi, matanga hayakuondolewa.

Masomo yalipokolea, Onesmo akaanza kuja kusikiliza. Alipanda kupitia sakafuni jua likizama, akakung'uta nguo, akaketi mkekani. Sakafu ilibaki nzima. Hosiana alimwekea uji. Hakuunywa, na hilo lilimuuma mkewe.

Jioni moja mwalimu alieleza kwamba mwamba uliooza hausimami bila kushikiliwa.

"Hapo ndipo nilipo," Onesmo akasema. "Magogo ya kushikilia kuta yalikuwepo. Mzee aliyang'oa, akayapeleka duara lingine."

Hosiana alilia mpaka video ikaisha. Kesho yake akamwita Januari.

Mzee alikuja jioni, akavua kofia, akamkuta Onesmo mkekani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Onesmo. Habari za huko?"

Hosiana alieleza yote, tabaka, kina na magogo. Akaomba vijana wamfukue mumewe kabla ya mvua, akamzike Runzewe kwa baba yake, binti yao Ritha awe na kaburi la kupalilia. Januari alisikiliza kwa heshima, akiitikia. Kisha akamgeukia Onesmo.

"Na mwamba wenye mali, umeelekea wapi?"

Onesmo alipokuwa hai hakujua kusema uongo, na kifo hakikumfundisha.

"Kaskazini, mzee. Chini ya huo uliooza."

Januari akashukuru. Suala la mwili, akasema, atalifikiria.

Duara la kaskazini lilifunguliwa wiki hiyohiyo, haraka haraka, bila magogo. Hosiana alikwenda mwenyewe kuwaonya wachimbaji. Sikio la kufa halisikii dawa. Walimrudisha kwa adabu, wakisema Mama Ritha atawakimbizia dhahabu.

Mvua ya kwanza ililiporomosha. Januari akapeleka ng'ombe kwenye misiba miwili.

Jioni Hosiana alitandika mkeka mwingine. Wanaume wawili walipanda kupitia sakafuni, wamejaa udongo, na Onesmo akasogea kuwapisha. Mmoja akaomba radhi kwa kumfukuza siku ile, kisha akauliza kama somo limekwenda mbali.

Hosiana akasema bado, akaongeza sauti ya simu.