Maradhi ya Uanamke katika Jeshi la Majisifu

Katika nchi ya Majisifu, ambayo raia wake waliamini kuwa jua huchomoza kwa idhini yao, askari wote, wake kwa waume, walivaa viatu vilivyoshonwa kwa kipimo cha mguu wa mwasisi wao, marehemu Sultani Kimbaumbau, aliyekuwa mwembamba mithili ya ufito. Kupima mguu mwingine wowote ilikuwa kufuru. Mwanamume akichubuka, tabibu wa jeshi, Kisio, aliandika "jeraha la ushujaa" na kumpa mapumziko. Mwanamke akichubuka vivyo hivyo, aliandika "uanamke," maradhi yasiyo na dawa ila kufukuzwa jeshini. Elimu iliyoje!

Stahamala, mlenga shabaha asiye na kifani katika kikosi chake, alifikishwa mbele ya Kadhi Insafu kwa kosa la kuchechemea gwarideni. Utumishi wake wa miaka tisa ulikuwa hatarini, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kuipenda.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema Jemadari Majigambo, "umbile la mwanamke halihimili jeshi. Tunamhurumia, lakini lisilo budi hutendwa."

"Mheshimiwa Kadhi," alijibu Stahamala, "naomba miguu yangu ichunguzwe chini ya pazia, pamoja na ya mtu mwingine, tabibu asijue ipi ni ya nani."

Jemadari alicheka hata nishani zikagongana kifuani. "Itumike yangu! Mguu wa dume haufichiki." Watu watatu wakamvua viatu, naye amekunja uso, kisha akaketi na Stahamala nyuma ya pazia.

Ndipo Kisio akaitwa kutoka nje. Chini ya pazia aliona jozi mbili za miguu iliyovimba, na kwa kuwa alikwisha kuambiwa kuwa kesi ni ya mwanamke, hakuona haja ya kufikiri zaidi.

"Uanamke," alisema kwenye jozi ya kwanza. Akahamia ya pili, akabonyeza kidole gumba, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Uanamke sugu. Huyu afukuzwe leo hii."

"Uanamke gani, we baradhuli!" sauti ya Jemadari ilinguruma nyuma ya pazia. "Viatu hivi vinanibana tangu nilipokuwa kuruta!"

Baraza lilijaribu kunyamaza kwa adabu, likashindwa, likaangua kicheko.

"Kumbe ni viatu," alisema Kadhi Insafu. "Basi, Jemadari, mshtakiwa ana kosa gani?"

Jemadari alitazama vidole vyake vilivyovimba.

Stahamala akarudishwa kazini, akatoka barazani peku, akilia kwa furaha bila kujificha. Mwezi haukupita, mafundi wakaamriwa kupima kila mguu, na Majisifu, nchi isiyomnyima mstahiki haki yake, ikamtunuku nishani ya hekima mtu aliyegundua kuwa miguu ya wanadamu hutofautiana: Jemadari Majigambo.