Fundi wa Jumanne

Nyumbani kwetu Nguvumali, wifi yangu Samiha hakuwa na mimba. Alikuwa amenenepa. Hiyo ndiyo taarifa rasmi aliyoitoa mama, na mama akishatangaza jambo hata paka wa jirani hulifuata. Mimba iko mwezi wa nane, tumbo linatangulia mlangoni na mwenyewe anafuata baadaye, sisi tunasema ni bokoboko analokula.

Simlaumu mama. Mwaka juzi tulimtangazia kila mtu mimba ya kwanza ya wifi. Tulinunua beseni, tukagombania jina. Mtoto akazaliwa kimya, msichana, tukamwita Asmahani, na kaka Nasri akampeleka makaburini amempakata. Beseni likawa la kulowekea mchele. Safari hii mama akaapa: jicho la mtu lisione kitu mpaka mtoto alie mwenyewe.

Tatizo likawa mkunga. Zuwena wa zahanati alikuja nyumbani kila Jumanne, kwa sababu wifi akifika mlango wa zahanati magoti yanakataa. Shingoni alining'iniza futikamba ya kupimia tumbo limekua kiasi gani. Siku ya kwanza jirani yetu Bi Maryam alimwona, akauliza ni nani. Mama, ambaye hadanganyi ila kwa sababu nzuri, akajibu, "Fundi wa nguo."

Toka siku hiyo Zuwena hakupumua. Kila Jumanne Bi Maryam alimvizia barazani na kitenge cha njano.

"Fundi, utanipima lini?"

"Kazi zimenizidi, mama."

"Huyu Samiha unamshonea nini kila wiki? Hema?"

Nilikimbilia jikoni kucheka.

Zuwena aliukubali uongo wetu kwa sharti moja. "Niiteni fundi, niiteni hata seremala," alimwambia wifi. "Lakini mtoto akipunguza kucheza, sema. Saa hiyo hiyo, mbele ya yeyote. Usinywe soda ukangoja, usilale ukangoja. Ukinijia bure mara ishirini, sitakuuliza umefuata nini."

Wifi aliitikia. Mimi nikaguna moyoni. Mara ya kwanza, mtoto alipoacha kucheza, alikaa nalo jambo hilo siku nzima kwa kuona haya kusumbua watu. Na huyu wa sasa hajawahi hata kumwita mtoto. Humwita "hili". Hili limenipiga teke. Hili linapenda pweza.

Basi Jumatano moja, siku ambayo fundi haji, Bi Maryam aliingia sebuleni, akaketi na kitenge chake magotini, akasema leo atamngoja mpaka amwone. Mama akamimina chai. Ilikuwa saa kumi alasiri, saa ya mtoto kucheza, na mimi shangazi yake huwa namchokoza naye hunijibu kwa teke. Nikamwinamia wifi tumboni, nikamnong'oneza mtoto, "Kichwa kama dafu wewe."

Kimya.

Nikamtukana miguu. Kimya. Mkono wa wifi ulikuwa umeganda ubavuni.

"Mikono mirefu au mifupi?" Bi Maryam aliuliza, akikunjua kitenge.

"Mifupi, kuna joto," alisema mama.

Wifi akageuza shingo. Akanitazama. Nilikuwa na mzaha mwingine tayari, nikaumeza.

"Mtoto hachezi," wifi alisema. "Tangu asubuhi. Mtoto wangu hachezi."

Birika la mama likabaki hewani. Aliyesimama kwanza ni Bi Maryam, akanigeukia. "Najat, kamwambie kijana wangu Mudathir awashe bajaji. Mama Nasri, lete kadi ya kliniki. Twende, mwanangu, viatu acha."

"Maryam, kumbe unajua?" mama aliuliza.

"Mtaa mzima unajua. Mlitaka tusijue, tukawa hatujui."

Mlangoni pa zahanati, magoti ya wifi hayakupata nafasi ya kukataa, maana nyuma yake alikuwa Bi Maryam. Zuwena akamlaza, akampaka ute wa baridi tumboni, akaweka kile kidude cha kusikilizia moyo wa mtoto. Mkwaruzo. Mkwaruzo tena. Mama anasoma dua, mimi nimeng'ang'ania dole gumba la mguu wa wifi, ndilo lililokuwa karibu. Halafu moyo ukaanza: taka-taka-taka-taka, mbio, bila kituo.

Bi Maryam akatega sikio. "Fundi," alisema, "kumbe cherehani unayo."

Wifi akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, tumbo likatikisika, na kichwa-kama-dafu akarusha teke tukaliona wote. Zuwena alimweka nusu saa nzima, akampima presha, akaandika. "Mtoto hana neno. Umefanya vizuri kuja. Kesho ukihisi hivi, njoo tena." Kisha akakitazama kile kitenge. "Na hili gauni ni la nini hasa?"

"La arobaini ya huyu akishazaliwa. Au nije na kanga ya jikoni?"

Njiani tulijazana kwenye bajaji kama dagaa. Wifi akatoa kichwa nje. "Nina mimba," alimwambia kinyozi. "Nina mimba," alimwambia muuza mahindi.

"Samiha, jicho," mama alinong'ona, akimvuta buibui.

"Tunajua, shemeji," alisema muuza mahindi. "Tangu Ramadhani."

Mama akafikiri kidogo. Kisha akatoa kichwa upande wa pili.

"Mwezi wa nane huu," alimwambia mshona viatu.