Kondoo Hawana Tiketi

Fundi cherehani alilisikia neno hilo akiwa na pini nne mdomoni, amepiga magoti kupima pindo la gauni la mteja. Mteja alikuwa mwalimu mstaafu, na alilisema kama mtu aliyeulizwa saa.

"Shule anayosoma binti yako, mtoto asiye na mtu wake ukumbini siku ya mchezo wa Krismasi habadiliki tena. Anabaki vile alivyovalishwa. Mwaka juzi kuna mmoja alibaki punda."

Fundi hakuweza kujibu kwa sababu ya zile pini. Alipozitoa, mteja alishahamia kwenye habari ya mikono, kwamba inambana kwapani.

Lile neno likamganda. Alilala nalo, akaamka nalo, akashona nalo suruali ya watu mguu mmoja ukawa mfupi. Siku ya tatu alikwenda shuleni, akazunguka nyuma ya jiko, na punda alikuwepo. Alikuwa mdogo, msafi, na shingoni alikuwa na kitambulisho cha darasa la tatu kwenye kamba ya buluu. Mpishi alikuwa akimmwagia maganda ya viazi.

"Huyu hasumbui," mpishi alisema. "Asubuhi mwalimu anamwita jina, anagonga kwato, anawekewa alama kwamba yupo."

"Na wazazi wake?"

"Hawakupata tiketi, mama."

Binti wa fundi, ambaye nyumbani walimwita Kitufe, alikuwa na miaka saba na alikuwa amepangwa kuwa kondoo. Kondoo walikuwa wanne. Mavazi yao alikuwa ameyashona fundi mwenyewe kutokana na blanketi lake jeupe, kwa sababu mwalimu wa michezo alimwambia, "Si wewe ni fundi, mama?" na yeye akachukua mkasi. Pazia jeusi la madirisha ya ukumbi alilipinda yeye pia. Kitufe alikuwa na sentensi moja ya kusema, "Jamani, tazameni juu!" na kwa wiki tatu aliisema mbele ya kioo cha wateja, akiwaambia hata wateja wenyewe watazame juu. Walitazama.

Fundi akaenda ofisini kwa karani wa shule. Karani alikuwa akila yai la kuchemsha juu ya orodha ya tiketi. Alimwonyesha utaratibu bila kinyongo, akisogeza vipande vya kiini kwa kalamu. Tiketi ziligawanywa kwa uzito wa nafasi. Mfalme, kumi na mbili. Malaika, nne. Mchungaji, mbili. Kondoo, sifuri.

"Sifuri kwa nini?"

"Kondoo anavaa kichwa, mama. Utamjuaje wako? Utakuwa umekalia kiti bure."

"Hivyo vichwa nimevishona mimi. Wangu ninamjua kwa mshono."

"Ndiyo maana tumekushukuru kwenye karatasi ya ratiba," karani alisema. Na kweli alikuwa ameshukuriwa, ukurasa wa nyuma, chini ya mtu aliyepanga viti.

"Na huo ufalme mtoto anaupataje?"

"Wafalme wanapangwa na kamati."

"Kamati ni kina nani?"

Karani alimtazama kama anayemhurumia. "Wazazi wa wafalme."

Fundi hakukata tamaa. Alimfuata mke wa mwenyekiti wa kamati, mteja wake wa siku nyingi, ambaye mwanawe alikuwa mfalme wa kwanza. Alimkuta akila andazi. Mama huyo alizitoa tiketi zote kumi na mbili, akalamba kidole, akazipitia moja moja kwa kidole hicho hicho, zikawa zinagandana kwa mafuta.

"Dada yangu, wewe ni wa kunyimwa? Lakini angalia. Hii ya mama mkwe. Hii ya msusi wangu. Hii ya dereva. Hii ya mkoba."

"Mkoba?"

"Sasa niuweke chini? Sakafu ile unaijua ilivyo chafu."

Fundi alirudi nyumbani akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote. Alifikiria kumficha mtoto ndani siku hiyo. Kitufe akasema, "Mama, tukibaki watatu mwalimu amesema hatutaonekana kundi. Na sentensi ni yangu. Utakuja?"

"Nitakuja," fundi alisema. Kichwani alikuwa ameshaamua kwamba dirishani panatosha, kwamba jicho ni jicho hata likiwa nje.

Siku ilipofika alisimama nje ya dirisha la tatu. Pazia jeusi lilikuwa limekaa sawasawa. Alikuwa amelipinda vizuri, halikuacha hata upenyo wa sindano. Akazunguka hadi mlangoni. Mlinzi alipomfungulia mtu aliyechelewa, fundi aliona safu tatu za mbele. Kulikuwa na mikoba, makoti, mwavuli, na mfuko wa maembe, kila kimoja kwenye kiti chake na tiketi yake juu. Katikati yake, mwenyekiti alikuwa akichokonoa meno kwa tiketi.

"Vile viti si vitupu?"

"Vina wenyewe," mlinzi alisema. "Tiketi, mama."

"Baba, nipishe nisimame tu. Dakika moja."

"Kusimama nako kuna tiketi."

Mlango ukafungwa. Ndani ikasikika sauti ya Kitufe, nyembamba na safi, "Jamani, tazameni juu!" Fundi alitazama juu. Kulikuwa na ukingo wa paa na bomba la maji machafu.

Baada ya mchezo watoto walitokea mlango wa nyuma. Wafalme walivua mataji. Malaika walivua mabawa, wakagombea biskuti. Kondoo wanne wakatoka mwisho. Fundi alimjua wake kwa mwendo. Alichuchumaa, akapeleka vidole nyuma ya shingo alipokuwa ameweka vishikizo vinne, na hakuna alichokipata. Yalikuwa manyoya mpaka kwenye ngozi, na ngozi ilikuwa ya moto, na chini yake mapigo yalikuwa yanakwenda mbio. Pembeni yake wazazi wengine watatu walikuwa wakipapasa shingo za wa kwao.

Karani akaja na fomu. "Mavazi ni mali ya shule. Yarudishwe Jumatatu, yakiwa yamefuliwa."

"Hayavuliki," fundi alisema.

Karani akaandika: hayajarudishwa.

Baba yake Kitufe, dereva wa malori ya safari ndefu, alirudi baada ya siku tisa. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto aliyelala chini ya meza ya cherehani.

"Amekula?"

"Amekula."

Akavua viatu, akaketi sakafuni karibu naye, akaanza kumtoa majani kwenye manyoya.

Shule ilipofunguliwa Kitufe alirudi darasani, akawa anasimama nyuma. Hesabu alizifanya kwa kwato na hakukosa. Ripoti yake iliandikwa: mtulivu, aongeze juhudi katika kuimba. Wazazi wa kondoo waliomba kikao, wakakipata. Mwenyekiti aliwasikiliza mpaka mwisho akitafuna, kisha akasema kamati imefurahi, kwa kuwa sasa shule ina kondoo wake yenyewe na mwaka huu hakuna mzazi atakayesumbuliwa kushona. Akaomba pia manyoya yao kidogo, ya kutengenezea ndevu za wafalme.

"Na tiketi zetu?" fundi aliuliza.

"Sifuri. Ila mnaweza kusubiri nje na kamba."

Mwezi wa joto kali ulipoingia, Kitufe akawa anahema kutwa. Fundi alimkata manyoya kwa mkasi wa kitambaa, taratibu, akimshika kidevu. Mfuko ulipojaa aliupeleka shuleni, kwa sababu karani alikuwa ameshamtumia ujumbe mara mbili. Jioni hiyo alibandika karatasi juu ya cherehani, wateja waisome wakati wanapimwa:

Epuka nafasi yoyote yenye kichwa cha kuvaa.
Epuka kumwambia mtoto "nitakuja" kabla hujashika tiketi mkononi.
Epuka kutegemea dirisha. Dirisha halihesabiki.
Epuka kujitolea kabla hujauliza utakaa wapi.
Epuka kikao.
Mwaka huu wanatafuta watoto sita wa kuwa miti. Wanaanza na darasa la kwanza. Usitie saini.