Nyumba Nilimokula Kabla ya Baraza

Mimi ni Andongwisye, mwana wa Rubeni, mwana wa Kasyupa, mwana wa Mwaluso. Mwaluso ndiye aliyewavusha watu wetu Mto Songwe wakati wa njaa, akawa wa mwisho kuvuka. Kasyupa aliitwa kila palipokuwa na ugomvi wa mipaka au ng'ombe, kwa maana hakuwahi kulisema jambo ambalo macho yake hayakuliona. Rubeni, baba yangu, alikuwa mzee wa kanisa wa kwanza katika upande wetu wa Isongole. Katika ukoo huu hapakuwa na aliyefungwa, wala aliyefukuzwa ugenini, wala aliyeshuhudia uongo. Nayatanguliza haya ili asomaye ajue ni jina la akina nani lililochezewa.

Kasyupa alifyeka shamba la ulezi chini ya mlima wa Kalundi, penye chemchemi, naye akazikwa papo hapo pamoja na mkewe. Mwaka wa 1933, Yonasi, mtu wa Kalundi mwenye ng'ombe wengi, alidai kuwa shamba lile ni la baba yake, akalima hadi karibu na makaburi. Baba akapeleka mashitaka kwa jumbe wa Kalundi. Lakini alikuwa amelala kwa ugonjwa wa kifua, na hakutuficha kwamba hataamka. Ombi lake lilikuwa moja, kwamba azikwe kando ya baba yake. Siku mawe ya mpaka yalipowekwa walikuwapo watu watano. Wanne walikwisha kufa. Wa tano nilikuwa mimi, wakati ule mtoto wa miaka kumi na miwili niliyebeba mawe. Basi kesi nzima ilikuwa katika kinywa changu.

Kabla sijaondoka baba aliniita kitandani.

"Ukifika Kalundi utakula wapi?"

"Watakaponikaribisha, baba."

"Ndivyo mnavyofundishwa shuleni? Kalundi ni kijiji kidogo, na kina desturi yake. Mtu aliyekwenda kwa shauri hula katika nyumba moja tu, nyumba ya tarishi wa baraza, kwa sababu haina upande. Ukila kwa mmoja wa wanaoshitakiana kabla ya hukumu, ushahidi wako umekwisha. Watasema chakula chake kimo tumboni mwako, na huwezi kushuhudia juu yake kwa kinywa kilekile."

"Nyumba ya tarishi siijui."

"Tuntufye atakuonyesha."

Tuntufye alikuwa mtoto wa shangazi yangu, naye alikuwa amehamia Kalundi miaka miwili kabla. Tulilelewa pamoja. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani, ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya tonge, nawe ukikasirika unachekwa. Mama alinifungia viazi vitamu vya kuchoma katika jani la mgomba, nikaondoka alfajiri.

Tuntufye alinisubiri mahali njia inapoanza kupanda. Mvua ilikuwa imenipiga tangu mtoni.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyonitania kwa sababu ya shule, "umelowa kama kuku aliyeanguka kisimani. Na hicho ulichokumbatia ni Biblia au ni chakula?"

"Ni viazi vya mama. Tutagawana."

"Kugawana ni kwa Wakristo. Mimi ni mtani." Akavichukua vyote, akala akitembea, akinisimulia habari za kijiji huku mdomo umejaa. Nilicheka. Ningefanyaje? Ilikuwa haki yake.

Tulipofika juu ilikuwa alasiri, nami natetemeka kwa njaa na baridi.

"Nipeleke kwa tarishi," nilimwambia.

"Ninakupeleka wapi kama si huko?"

Alinipitisha nyuma ya migomba mpaka kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa nyeupe. Moto ulikuwa unawaka. Mwanamke mmoja aliyeitwa Ketrina alitupokea kwa magoti, kisha akamtazama Tuntufye.

"Mgeni ameelezwa?" aliuliza.

"Ameelezwa, mama. Ni mtu wa shule huyu, hana haja ya kuelezwa mara mbili."

Nilidhani wanazungumza juu ya mahali pa kulala. Ketrina alichinja kuku. Akasonga ugali wa ulezi, akaleta na maziwa ya mgando. Nami, badala ya kujiuliza tangu lini tarishi wa baraza akamchinjia kuku kila mwenye shauri, nilijiambia kwamba wamesikia mimi ni mjukuu wa Kasyupa. Nilikula mpaka nikatosheka. Nikamshukuru Ketrina kwa jina la baba yangu.

Asubuhi baraza liliketi. Jumbe alikuwa mzee wa maneno machache, na karani aliandika kando yake. Nilieleza yale mawe matatu: la kwanza kwenye chemchemi, la pili chini ya mkuyu, la tatu ukingoni mwa kijito, na nani alishika lipi. Wazee walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo Yonasi aliposimama, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kushinda.

"Sina swali juu ya mawe," alisema. "Kijana wa Rubeni, jana ulipofika ulikula wapi?"

"Kwa tarishi."

Watu waliguna. Tarishi mwenyewe, mtu mfupi mwenye mkanda mwekundu, aliinuka karibu na mlango. Sikuwa nimepata kumwona.

"Jumbe, mke wangu aliweka chungu motoni mpaka maharage yakaungua. Mgeni huyu hakufika kwangu."

"Basi aitwe mke wangu mdogo," alisema Yonasi.

Akaingia Ketrina. Hakuinua macho.

"Alikula," alisema. "Nilichinja kuku. Nilimwuliza Tuntufye kama mgeni ameelezwa nyumba ni ya nani, akasema ameelezwa."

Nilimgeukia Tuntufye. Alikuwa ameketi miongoni mwa vijana, ameegemea ukuta.

"Jumbe," nilisema, "nimedanganywa. Nilimwambia mtu huyu anipeleke kwa tarishi."

"Tuntufye," jumbe aliuliza, "alikuambia hivyo?"

"Aliniambia ana njaa, jumbe. Nilimpeleka penye chakula."

Baadhi yao walicheka. Jumbe hakucheka, na naamini alijua. Lakini desturi haikumpa njia. Neno langu lilikuwa moja, neno la Tuntufye lilikuwa moja, na ule ugali ulikuwa na shahidi.

"Aliyekula kwa Yonasi hashuhudii juu ya Yonasi," alisema. "Karani, futa habari ya mawe."

Shamba likaenda, na makaburi ndani yake.

Nilimkuta Tuntufye njiani akinisubiri. Hakukimbia, na hilo liliniuma zaidi.

"Kwa nini?" nilimwuliza.

"Yonasi amenipa binti yake Nesta bila kudai ng'ombe. Wewe ungenipa nini? Salamu za mjomba?"

"Kasyupa ni babu yako pia."

"Ni babu yangu wakati wa kumlilia. Mwaka wa nzige nilimwomba mjomba kipande cha shamba lile. Ulikuwapo, mwalimu, umeketi pale pale. Alisema shamba la Kasyupa haligawiwi watoto wa mabinti. Ulisema nini siku ile?"

Sikuwa nimesema kitu.

"Ungeniambia," nilisema. "Ungekuja kwangu kama mtu mzima."

"Na ungenijibu kama mtu wa shule," alisema, akaniacha njiani.

Nimelipima neno lake kwa miaka mingi. Kwamba alinyimwa ni kweli. Kwamba nilinyamaza ni kweli, na nitalijibia mbele za Mungu. Lakini aliyenyimwa hudai mchana, mbele ya watu. Hamshiki ndugu yake mkono akicheka ili ampeleke kwenye mtego. Sijapata mizani inayoyasawazisha mambo hayo mawili.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Aligeukia ukutani akasema, "Basi mtanizika kanisani." Alikufa kabla mvua hazijakoma, tukamzika kando ya kanisa, miongoni mwa watu wasio wa ukoo wetu. Kwetu mpwa ndiye huanza kuchimba kaburi la mjomba wake. Tuntufye alishuka kutoka Kalundi, akapita katikati ya waombolezaji, akashika jembe. Nililichukua mikononi mwake, nikachimba mimi. Shangazi alilia kwa kilio ambacho hakikuwa cha marehemu peke yake. Tangu siku ile sijaketi na mwanawe.

Sasa nasikia ninyi wajukuu zangu mnapanda Kalundi kwa biashara ya kahawa, na kwamba mnaingia nyumba yoyote yenye moshi kwa sababu aliyewaalika ana maneno matamu. Nawaagiza, wala si kwa kuwaomba. Mtu akiwakaribisha ugenini, ulizeni jina la mwenye nyumba, na mlisikie kinywani mwa mwenye nyumba mwenyewe, kabla hamjanawa mikono. Ndugu akiwa na dai juu yenu, mwiteni aseme hadharani, hata kama jibu litawagharimu shamba. Lusungu, wewe ndiye mkubwa wao. Wasomee wenzako maneno haya kabla hamjaondoka, kisha njoo uniambie kwamba wamesikia.