Gugu la Maziwa Katika Nchi ya Umaridadi

Katika nchi ya Umaridadi, ambako hata kokoto za njiani zilisuguliwa zing'ae, watu waliwaenzi vipepeo wa rangi ya chungwa kupita johari. Kila mwaka vipepeo hao waliposhuka kutoka milima ya Mbalimno, raia walivaa hariri na kuwalaki kwa tarumbeta. Lakini gugu la maziwa, ambalo majani yake yalitoa utomvu mchungu wenye kuchafua nguo, walilichukia kwa dhati. Na Waziri Pambo alipoamuru ling'olewe nchi nzima, walimshangilia.

Mwaka uliofuata vipepeo hawakuja. Pambo akawaagiza mafundi washone vipepeo bandia vya hariri, wavitundike kwa nyuzi juu ya barabara, na raia wakavilaki vivyo hivyo, kwa tarumbeta zilezile.

Azma, dada yake Sultani Fahari, hakushangilia. Alikuwa ameacha kichaka cha gugu lile nyuma ya nyumba yake, na askari walipokigundua, wakamfikisha barazani mbele ya kaka yake.

"Ling'oe kwa mikono yako, nami nitakusamehe," alisema Sultani kwa upole, maana alimpenda. "Ukikaidi, sheria itakufukuza nchini."

"Nifukuze, Mtukufu. Siling'oi."

Azma akafungua kitambaa alichokuja nacho, akatoa kiwavi mwenye milia, akamweka kwenye sinia la maua lililopamba baraza. Kiwavi akapita juu ya waridi, akapita juu ya asumini, asionje chochote.

"Ameshiba huyo!" Pambo akacheka.

Azma akaweka jani la gugu. Kiwavi akalipanda na kuanza kulitafuna kwa pupa, na kicheko cha waziri kikakatika.

"Huyu ndiye kipepeo wenu kabla hajaota mabawa," alisema Azma. "Mama yake, kipepeo pekee aliyefika, alitaga kichakani kwangu, na mtoto huyu hana chakula kingine. Mmewaua wenzake kwa njaa, kisha mkawashonea sanamu."

Fahari akainamia sinia, akamtazama kiwavi akila. Kisha akauliza, "Tupande wapi?"

"Popote mlipong'oa. Na uanze wewe, kaka yangu."

Siku ileile Sultani alipiga magoti mbele ya kasri lake, huku raia wakitazama kwa mshangao, utomvu ukimchuruzika hadi viwikoni na kuliharibu joho lake la zari.

"Watarudi lini, dada?"

"Sijui kama watarudi," alijibu Azma, akamsogezea mche mwingine. "Chimba."