Mikono Juu Muthetheni

...na mkono ulikuwa umeshapanda kabla Syombua hajauamuru, maana Kuria wa mradi alipouliza ni akina nani wamevuna vizuri ile mbegu mpya ya mahindi, kikundi kizima cha akina mama wa Muthetheni kiliinua mikono kama mtu mmoja, na yeye ni nani abaki chini peke yake, aonekane mvivu, mwenye gundu, kwa sababu tu nyumbani kwake kumejaa magunzi matupu... "Ngojeni, flashi imekataa," Kuria anasema, anaipigapiga kamera, "mikono ibaki hivyo hivyo, mama zetu," na Pauline, mwenyekiti, ananong'ona bila kuondoa tabasamu, "Inua vizuri, ama unataka tukose hiyo tangi?" La, hataki, nani anataka, tangi la maji la mradi likija bintiye Mumbua ataacha kukosa shule akifuata maji na punda, na uongo wenyewe hauna hata sauti, ni mkono tu... lakini huyu Pauline naye, mkono juu namna hiyo, na shamba lake si walilipalilia wote zamu yake ya mwethya, ile kazi ya kusaidiana, ilipofika, jembe kwa jembe, mahindi yakikauka wakiyaangalia, na la Nthambi vilevile, hakuna shamba wasilolijua, asiyejua ni Kuria, Kuria na wale wageni wa Kangundo chini ya turubai, walioletwa wajionee kabla ya kupanda... na msimu mzima Syombua amejilaumu, labda alichelewa, labda mbolea, mbona kule Mitaboni mbegu ilikubali, si yeye mwenyewe alipelekwa Mitaboni mwaka jana akajionea kwa macho yake... akaona nini? Shamba moja la maonyesho kando ya barabara, na mikono. Mikono mingi, na mbele kabisa wa Nzisa, dada yake wa toka nitoke, akimtabasamia, na Syombua akasema moyoni kama ni Nzisa basi yamekwisha, akarudi akawamwagia kuku mbegu ya mama yao, akapanda hii shamba lote... na Krismasi alipokwenda kwa Nzisa akakuta tangi jipya la mradi uani, akapewa maji baridi, akanywa, akaongeza, akasifu, na Nzisa akainama kuchochea moto. Wewe Nzisa. Wewe Nzisa! Hasira zinampanda, na pale kwenye turubai mama mmoja wa Kangundo, mtoto mgongoni, anamtazama yeye, si Pauline, yeye, na anaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyetosheka, shusha, Syombua, shusha mkono, mama wa watu ana mtoto, shusha... "Haya, imekubali, cheka kidogo," Kuria anasema, na mkono bado uko juu, unauma begani, na Syombua anahisi mashavu yake yamekaza, anashangaa, kumbe wakati huu wote amekuwa akimtabasamia yule mama.