Watoto Waliofichwa Siku ya Kuhesabiwa

Mzee Mabula alikaa kwenye kikao cha wazazi, kofia magotini, akiuviringa ukingo wake. Nje, mwalimu Imelda, aliyehamishiwa shule nyingine, alikwishafunga begi lake. Ndoo yake ya maji, ile yenye mfuniko wa buluu, aliiacha pale mlangoni watoto wainywee.

Bwana Wilbard, afisa elimu wa kata, alisoma karatasi yake polepole.

"Huku bondeni mna watoto hamsini na wawili, walimu wawili. Ile shule ya kule juu, mwalimu mmoja ana watoto mia na arobaini. Semeni wenyewe, haki iko wapi?"

"Hamsini na wawili!" akadakia mama Bugalama, jirani yake Mabula, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa kamba. "Baba, hao ni wale wanaokaa dirishani tu! Wengine wanaandikia migongoni mwa wenzao."

Watu wakacheka. Wilbard hakucheka.

"Mama, nafuata daftari la Machi. Nilikuja mwenyewe, nikahesabu kichwa kwa kichwa."

Kicheko kikakatika. Wote wakaangalia chini, wala hakuna aliyemtazama Mabula, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kwao, tangu kwa babu zake, ng'ombe hahesabiwi kwa sauti. Akija mtu na daftari, unamwonyesha nusu. Nusu nyingine iko porini. Mwezi wa Machi aliposikia gari la wahesabuji linakuja, alituma neno nyumba kwa nyumba: watoto wafuate mifugo kule inakolamba chumvi mpaka gari liondoke. Aliamini kwamba nyumba yenye watoto wengi itadhaniwa ina ng'ombe wengi, itozwe zaidi. Hata Goodness, mjukuu wake, alimfungia maziwa kwenye kibuyu akamtanguliza. Jioni ile alilala akijisifu kwamba ameokoa watu.

Sasa akasimama.

"Bwana Wilbard, niliyewaficha ni mimi. Watoto wetu ni mia moja sitini na watatu. Niadhibuni mimi, mwalimu mwacheni."

Wilbard alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mzee wangu, ungeniambia siku ile. Barua imeshatoka wilayani. Na wale wa kule juu nao ni watoto, mwalimu mwingine nimtoe wapi?"

"Mtahesabu tena lini?"

"Mwakani."

Mabula akakaa. Kule juu nako kulikuwa na wajukuu wa watu.

Bodaboda iliyompakia mwalimu ilipowashwa, Goodness alitoka mbio, kitabu kifuani.

"Mwalimu, tumeishia ukurasa wa tisa!"

Imelda alishuka, akamfunga vizuri kifungo cha sare kilichokuwa wazi, kisha akapanda tena.

Asubuhi iliyofuata Mabula alikwenda shuleni kabla ya kupeleka ng'ombe majini. Mwalimu aliyebaki alikuwa darasa la pili; lile la kwanza lilikuwa na kelele tu, watoto wamejaa sakafuni mpaka chini ya ubao. Akashika nondo za dirisha. Hakuwahi kufanya jambo hili maishani mwake.

"Mmoja," akasema kwa sauti. "Wawili. Watatu."

Akaendelea hivyo hivyo, akiwanyooshea fimbo mmoja mmoja, na hapakuwa na mtu wa kuandika.